Walikufa Jumatano na Jumamosi

Hakuna mtu Kitengela asiyejua ugonjwa wa kuku. Muulize njia ya kwenda mahali, atakuambia yeye ni mgeni hapa. Mwonyeshe kuku aliyelala miguu juu, na papo hapo anakuwa daktari. Nilijua hili likizo ya Agosti mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, kuku wangu walipoanza kufa. Kila aliyepita kwa geti yetu alikuwa na jina la ugonjwa, na dawa, na hadithi ya binamu aliyepoteza kuku arobaini kwa siku moja. Mwishowe majina ya ugonjwa yalikuwa mengi kuliko kuku.

Kuku walikuwa kumi na mmoja na jogoo. Mama alininunulia wawili nilipomaliza shule ya msingi, na wengine wakaanguliwa hapo hapo nyumbani. Nasema walikuwa wangu kwa sababu hakuna kitu kingine ninachoweza kusema hivyo. Na tena, mimi ni mtu wa aibu. Simaanishi ile aibu ya kuinamisha macho ambayo watu wazima husifu. Hii yangu ni ile ya kurudi nyumbani na mkate ambao sikuutaka kwa sababu nimeshindwa kumwambia mwenye duka kwamba hakunisikia. Kwa kuku tu ndio maneno yangu hutoka bila kupanga foleni.

Muhula wote nikiwa bweni, aliyewachunga alikuwa koko, yaani mama yake Baba. Alikuja kukaa nasi baada ya ukame kumaliza mbuzi wake huko mbele ya Bisil. Mama aliniambia kwamba siku ya kwanza koko alisimama mbele ya banda, akawaangalia kuku wangu, akasema, "Ndege. Mwanangu amejenga nyumba ya mawe, halafu anafuga ndege." Akageuka akaenda kukaa kwenye jua.

Lakini mtu aliyeamka maisha yake yote kwa sababu ya mifugo hawezi kuamka kwa sababu ya televisheni. Nilipofika nyumbani Agosti nilimkuta koko na fimbo, anawapeleka kuku kwenye ploti tupu ya jirani asubuhi na kuwarudisha jioni. Kuku hawachungwi, kila mtu anajua hilo, lakini hawa walikuwa wakimfuata kwa mstari. Hakuwahesabu kwa namba. Aliwaangalia mara moja tu, akajua ni nani hayuko. "Yule wa madoa iko nyuma ya tangi," angesema, na kweli ungemkuta nyuma ya tangi. Walikuwa wamenenepa. Nilimwambia asante, yaani nilijaribu, na yeye akaniwekea mkono kichwani kama anavyofanya kila asubuhi nikimsalimia.

Nilifika Jumatatu. Jumatano asubuhi nikakuta mmoja amekufa.

Alikuwa mtetea mwekundu, mzima kabisa jana yake. Hakuwa na kidonda wala kamasi. Manyoya ya nyuma tu yalikuwa yameloa maji, na mdomo uko wazi kama mtu aliyekatizwa akisema kitu. Jumamosi wakafa wawili. Kabla hawajafa niliwaona wakinywa maji bila kuinua kichwa, halafu wakitembea kama watu wa kutoka baa, halafu wakikaa chini, halafu basi.

"Walikuwa wazima mpaka uje," Mama alisema. Hakuwa na ubaya, alikuwa anafikiria kwa sauti tu, lakini mimi nilikaa na hayo maneno siku tatu.

Mama aliamini ni baridi. Agosti upepo wa Kitengela hutoka huko uwandani bila kugonga kitu chochote mpaka ufike kwa banda letu. Akaziba banda lote na magunia mpaka kuku wakawa wanaishi gizani kama popo. Baba ni fundi wa kuchomelea milango ya chuma, na kama mafundi wote anaamini kila kitu kilichoharibika kina spea yake. "Hiyo ni kideri," alisema bila kuinuka kwenye kiti. "Kuna unga wa kuweka kwa maji." Mdogo wake Mama, ambaye sisi humwita anti, alikuja na chupa ndogo ya mafuta ya kupaka. Alipaka mlango wa banda, akapaka kibao cha kulalia, akataka kumpaka jogoo, jogoo akamparura mkono.

"Unaona?" anti alisema akinyonya kidole. "Hata jogoo hataki maombi. Kuna mtu ameangalia hawa kuku na macho mabaya."

"Macho ya nani?" Mama aliuliza.

"Kuna mtu."

Ndiye huyo huyo anti aliyeniambia nisitupe wale waliokufa, kwa sababu kuku aliyekufa na macho mabaya nyama yake haina shida. Nilimwangalia. Nilitaka kumwambia mambo mengi. Nikamwambia, "Sawa, anti," nikaenda nikawazika nyuma ya choo, shimo refu, na jiwe juu.

Baba akanituma agrovet, duka la dawa za mifugo. Hapo ndipo mambo yalinichosha kabisa. Nilijua nikifika kaunta sitasema kitu, kwa hivyo niliandika dalili zote kwenye karatasi, vizuri, kama barua: wanakunywa sana, wanaharisha maji matupu, wanayumba, wanakufa ghafla, hawakohoi, kamasi hakuna. Nilisimama pale watu sita wakanipita. Wa saba aliponikanyaga, mwenye duka akaniona.

"Wewe unataka nini, msupa?"

Nikampa karatasi. Akaisoma kwa sauti. Akaisoma yote, mbele ya wanaume waliokuja kununua dawa ya kupe, na alipofika "wanayumba" akaigiza.

"Hawa kuku wako wanakunywa chang'aa!" mmoja wao alisema, na duka lote likacheka, pamoja na mimi, kwa sababu nisipocheka wataniangalia zaidi.

"Nitakupea hii," mwenye duka alisema, akatoa pakiti ya unga wa njano.

Nilitaka kumuuliza kama hiyo ni ya ugonjwa gani. Nilifungua mdomo.

"Ni ya yote," alisema.

Tukaweka unga wa njano kwa maji. Jumatano iliyofuata akafa mwingine. Jumamosi akafa mwingine tena. Huyo wa tano alikuwa mtetea wangu wa kwanza kabisa, yule ambaye Mama alininunulia. Alikufa nikiwa nimemshika, na kilichonikasirisha ni kwamba hata wakati huo anti alikuwa amesimama nyuma yangu akisema, "Ulimpa pilipili? Mimi ningempa pilipili."

Jioni ile Baba akakata kesi. Tulikuwa mezani, sisi wote.

"Mwingine mmoja akifa," alisema, "hao waliobaki wote ni kisu. Siku hiyo hiyo. Afadhali wafe kwa kisu kuliko wafe bure."

"Sita na jogoo," nilisema. Nilisema chini sana hata sina hakika kama ilikuwa kwa sauti.

"Wote. Tusikae hapa tukizika kuku kama watu."

Mimi niliangalia sahani. Koko ndiye alijibu, kwa Kiswahili chake, akiwa anafuta mikono: "Mgonjwa hakatwi. Mgonjwa anaongezewa nguvu. Wachieni mimi."

"Sawa, yeyo," Baba alimwambia mama yake, kwa ile sauti ya kukubali bila kusikia.

Mimi huandika daftari. Sio mambo makubwa, ni yale ambayo sikusema mchana. Jumapili, wakati wengine wako kanisani na mimi nimesingizia tumbo, nililifungua nikaanza kusoma kutoka mwanzo wa likizo, nikitafuta kosa langu, kwa sababu "mpaka uje" ya Mama ilikuwa bado haijanitoka. Sikupata kosa langu. Nilipata siku. Jumatano. Jumamosi. Jumatano. Jumamosi. Nikarudia tena nikiweka kidole. Kideri haijui kalenda. Baridi haijui kalenda. Macho mabaya sijui, lakini nayo pia sidhani yana ratiba.

Jumatatu Mama alinituma kiberiti kwa duka la kona. Mwenye duka ni mama wa Garissa ambaye wazee wake walikuwa watu wa ngamia, na banda letu analiona vizuri kutoka kwa kaunta yake. Ni mmoja wa watu wachache ninaoweza kuongea nao, kwa sababu yeye huongea zamu yangu na yake.

"Pole na kuku," alisema. "Mimi sijui kuku. Lakini nimewaona. Wallahi wanakunywa maji kama ngamia ametoka safari. Ngamia akikunywa hivyo, mimi nauliza kitu moja tu: leo amelamba chumvi wapi?"

Nilisahau kiberiti. Nilirudi nikakichukua, nikarudi tena nikalipa.

Chumvi. Maji yetu ya borehole, yale ya kisima cha kuchimba, yenyewe ni ya chumvi, kila mtu Kitengela anajua. Chai yake haishuki, na sisi hununua maji matamu kwa jerikeni ya kunywa. Lakini kuku walikuwa wamekunywa hayo ya borehole tangu wazaliwe. Hapana, kulikuwa na kitu kingine, na hicho kitu kilikuwa kinakuja siku moja kabla, Jumanne na Ijumaa.

Jumanne niliamka mapema, jua likiwa ndio linatoka, nikasimama nyuma ya tangi.

Koko alikuwa ameshaamka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya banda na karai la ugali wa jana. Kando yake kulikuwa na kimfuko cha gunia ambacho sikuwa nimewahi kukiona. Alitoa ndani yake bonge jeupe lenye kijivu, akaliweka juu ya jiwe, akalisaga na jiwe lingine, polepole, mpaka likawa unga. Ilikuwa magadi. Ile ya mifugo, ambayo huwekewa ng'ombe na mbuzi walambe. Aliumwaga wote kwa ugali, akakanda vizuri na vidole, huku akiimba kitu, kisha akatoa ile sauti ya ulimi ambayo watu wa kwao huitia mbuzi. Na kuku wangu sita na jogoo walikuja mbio, wakala.

Nataka kuandika kwamba nilipiga kelele. Sikupiga. Nilisimama nyuma ya tangi na mkono mdomoni mpaka karai lilipobaki robo. Yeye alikuwa koko. Alikuwa anaimba. Na ni yeye aliyewalea wakati mimi siko, na mimi ni mtu ambaye huleta nyumbani mkate usio wake. Nikiulizwa hata leo ni nani alikuwa anaua kuku, mimi hujua kwamba ile Jumanne tulikuwa wawili.

Ni jogoo aliyenitoa. Aliacha kula, akaenda kwa sufuria ya maji, akainamisha kichwa na hakukiinua.

"Koko, takwenya," nilimsalimia.

"Iko," aliitikia. Akanyoosha mkono, nikainama, akanigusa kichwa. Mkono ulikuwa na unga wa magadi.

"Koko, hiyo ni nini?"

"Emakat. Magadi. Mtoto wa dada yangu alileta, ile wiki ulikuja."

"Na unawapa kuku?"

"Sasa nipe nani, baba yako?" Alicheka. "Jumanne na Ijumaa, kama mbuzi. Hizi ndege zenu, maskini, tangu zizaliwe hazijalamba chumvi. Ndio maana hazina nguvu ya kushinda ugonjwa. Leo nimeweka mara mbili."

Maneno yakapanga foleni. Niliyaona yote, yamesimama, yanasukumana. "Koko," nilisema, "kuku si mbuzi. Ni hiyo inawaua."

"Magadi?" Hakukasirika. Alinihurumia. "Nakerai, mtoto wangu, magadi haijaua hata mbuzi moja tangu niolewe. Ni jua iliua mbuzi."

Daftari halingenisaidia, koko hasomi. Nikachuchumaa karibu naye nikachora mchangani mistari, mmoja kwa kila siku, wiki mbili na zaidi kidogo. Nikaokota vipande vya magadi nikaweka kimoja kila Jumanne na kimoja kila Ijumaa. Kisha nikatafuta mawe meusi, nikaweka: mtetea mwekundu, Jumatano. Wale wawili, Jumamosi. Tena Jumatano. Tena Jumamosi, yule wangu wa kwanza. Nilikuwa nataja kila mmoja kwa rangi yake, maana hivyo ndivyo koko huwajua. Nilikuwa na hasira, na sikujua ni hasira ya nani.

Koko aliangalia ile mistari jinsi anavyoangalia kundi. Mara moja tu.

Nilisikia jogoo bado anakunywa.

"Na hii?" aliuliza, akionyesha na kidole mstari wa mwisho, ambao haukuwa na jiwe.

"Ni kesho."

Aliinuka haraka kuliko nilivyojua anaweza. Alipiga lile karai teke, ugali ukaruka mpaka kwa ukuta, akaufukia na mguu. "Maji," alisema. "Si ile ya chumvi. Ile yenu." Akaingia jikoni, akatoka na jerikeni ya lita ishirini ameibeba mwenyewe, akamwaga sufuria ya borehole na kujaza maji matamu.

Mama akatokea na mwiko. "Yeyo! Hayo ni ya kununua! Kuku wanakunywa maji ya kununua? Na sisi tunywe nini, ya borehole?"

"Ndio," koko alisema.

Mama akaniangalia nimweleze. Mimi nikaangalia mawe. Mama akarudi jikoni akiongea na sufuria zake, na siku ile chai yetu haikushuka.

Tulikaa hapo siku nzima, koko na mimi. Saa tano walianza kuharisha. Saa saba mtetea wa kijivu akaanza kuyumba. Koko alimshika katikati ya magoti na mimi nikamdondoshea maji mdomoni na kijiko, kidogo kidogo, kisha tunangoja, kisha tena. Nilikuwa nawaza kisu cha Baba. Yeye sijui alikuwa anawaza nini, lakini mara moja alisema, kama anayezungumza na kuku, "Mbuzi nilijua. Mbuzi nilijua kabisa." Jioni akamfunika yule wa kijivu na shuka yake mwenyewe, ile nyekundu nzuri, na kuku akaiharishia, na koko akasema sawa tu.

Jumatano asubuhi nilimkuta amesimama kwa mlango wa banda. Sikutaka kuangalia.

"Wote iko," alisema.

Wa kijivu alikuwa amelala ubavu, lakini jicho lilikuwa wazi na lilinifuata. Alhamisi alisimama. Ijumaa alimdonoa anti. Jumamosi hakuna aliyekufa. Na kile kimfuko cha gunia koko alikifunga mafundo manne, akakiweka chini ya kitanda chake.

Hakuniambia nisiseme. Mimi ndiye nilikata shauri sitasema. Aliuliwa mbuzi na jua, sasa aambiwe mbele ya meza kwamba ndege wa mjini amewaua mwenyewe? Hapana. Niliandika kwa daftari nikafunga.

Lakini hakuna aliyenionya kwamba kunyamaza kutanichosha vile. Kwa sababu wiki ile kila mtu alikuwa ameponya kuku wangu.

"Si niliwaambia ni kideri?" Baba alisema, akijiongezea mboga. "Ile dawa haifanyi siku moja. Inajenga."

"Ni magunia," Mama alisema. "Toa hayo magunia uone kama hawatakufa."

"Mafuta," anti alisema, akiwaonea huruma wote wawili. "Nilirudi nikapaka tena Jumatatu, hamkuniona. Jumanne shetani akapigana mara ya mwisho, Jumatano akatoka. Hata siku zenyewe zinajieleza."

Siku! Alinitajia mimi siku! Niliuma ulimi mpaka macho yakalowa, na anti akadhani nimeguswa.

"Usilie, mrembo wangu. Jumapili utasimama mbele utoe ushuhuda."

"Mimi?"

"Kuku ni wa nani?"

"Anti, mimi siwezi..."

"Nimeshamwambia pasta."

Sikula vizuri tangu Alhamisi. Nikisema ukweli, nimemwanika koko mbele ya watu mia. Nikisema ni mafuta, nimedanganya nikiwa nimeshika maikrofoni ya Mungu. Na kwa vyovyote vile nitakuwa nimesimama mbele ya watu, jambo ambalo peke yake lilitosha kuniua kabla ya kuku. Nilimweleza yule wa kijivu. Koko alikuwa karibu, anatengeneza fimbo yake. Sikudhani ananisikiliza.

Jumapili pasta alisema, "Kuna binti yetu hapa ambaye Bwana ametembelea kuku wake." Watu wakapiga makofi. Anti akanisukuma kiuno. Nilishika kiti kwa mikono miwili. Nawaambia ukweli, nilikuwa nimeanza kufikiria kuzimia, wakati niliposikia shanga zikigongana upande wa kina mama, na koko akapita mbele na fimbo yake.

Alikataa maikrofoni. Aliiangalia kama kitu kinachouma. Akaanza kuongea, kwa Kimaa, sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Kimaa changu ni cha kusalimia na kutumwa, lakini niliwasikia kuku, nikasikia emakat, nikasikia mtoto. Nyuma kabisa askari wawili wa geti na mama mmoja wa maziwa, wanaojua Kimaa, walianza kucheka, kisha wakaacha kucheka.

"Amina!" pasta alisema, akiwa hajaelewa kitu. "Amina! Nani atatufasiria? Baba wa nyumba, njoo."

Baba akaenda. Sijawahi kumwona Baba akitembea polepole vile. Akasimama kando ya mama yake, akashika maikrofoni, akakohoa.

"Mama anasema..." Koko akamgonga mguu kidogo na fimbo. "Anasema kuku walikufa na mkono wake. Aliwapa magadi, kama mbuzi. Yeye alifikiria anawasaidia." Koko akasema tena. "Anasema... unga niliyonunua mimi haikufanya kitu." Hapo kanisa lilicheka, na Baba akacheka kidogo, kwa sababu asipocheka wangemwangalia zaidi. Nilikijua kicheko hicho. Ni changu. "Anasema hata mafuta, pole, haikuwa mafuta."

Anti alikuwa anatafuta kitu ndani ya kibeti chake, na akaendelea kukitafuta mpaka ibada ikaisha.

Koko akasema maneno ya mwisho, akininyooshea fimbo moja kwa moja mahali nilipokuwa.

"Anasema mtoto wangu ndiye alijua," Baba alisema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Na alipojua, alikuja akamwambia yeye peke yake, na hakumwaibisha kwa watu. Kwa hivyo anasema yeye atamshukuru mbele ya watu. Ashe oleng."

Basi watu mia wakageuka. Wote. Wakaniangalia, na wakapiga makofi, na pasta akasema nisimame wanione, na nikasimama, na sikujua mikono ya mtu huwekwa wapi. Nilikuwa nimehifadhi siri ile wiki nzima ili nisiaibike na yeye asiaibike, na huyu ajuza ameifungua yote kwa dakika tatu, kama zawadi. Nilikasirika naye mpaka tukafika nyumbani. Alinigusa kichwa mlangoni nikiwa bado nimekasirika.

Kisu Baba alikiacha jikoni. Alienda akatoa magunia kwa banda, moja baada ya lingine, na Mama akamwacha.

Jumatatu, kabla sijanawa uso, geti ikagongwa. Alikuwa mama ambaye simjui hata kwa sura, amebeba kitu ndani ya leso.

"Ni hapa kwa yule msichana wa kuku?"

Niliangalia nyuma. Mama alikuwa anafua. Koko alikuwa kwenye jua lake, fimbo mapajani, ananiangalia, na alikuwa na uso wa mtu ambaye hatainuka. Yule mama akafungua leso. Kuku mweupe, amekakamaa, shingo imepinda.

"Nafikiri ni macho," alisema. "Lakini wakasema nilete kwako."

"Jana alikula nini?" nikamuuliza. Akasema hakumbuki, ni macho tu.

"Jaribu kukumbuka," nilisema, nikamfungulia geti.